Pale Mnazi Mmoja nikate kushoto au kulia?

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba usinipunguze sana, maana najua barua ndefu mnaikatakata mpaka inabaki salamu na jina. Mimi ni dereva wa Noah, nabeba abiria barabara ya Masasi kuja Lindi, mara moja moja hadi Mtwara, na usiku simu ikiita nimelala najua tu huyo ni mgonjwa. Sio daktari mimi, darasa la saba basi, ila wagonjwa nimebeba wengi na kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana mwezi wa saba.

Ni kuhusu mtu anayetokwa na damu tumboni. Anatapika damu au anaenda choo cheusi. Ajali siisemi, ajali kila mtu anakimbia, ukifika getini na mtu kapasuka kichwa hata mlinzi anaacha lindo anasukuma kitanda. Nasema huyu ambaye damu inamwagikia ndani kwa ndani, huioni, anaingia na miguu yake kashika tumbo, anaambiwa kaa hapo kwenye benchi baba utaitwa.

Mgonjwa mwenyewe ni mjomba wangu. Wanaotujua sisi Wamwera wanaelewa, mjomba sio mtu wa kusalimiana Idi na Idi, kuna mambo baba mzazi ananyamaza mpaka mjomba aseme. Mimi kanilea yeye. Sasa mwezi wa saba ni wakati wa kupulizia mikorosho, na wanaoijua ile kazi wanajua, mashine unaibeba mgongoni na salfa yake kutwa nzima unazunguka chini ya miti, mtu wa miaka sitini na kitu lazima mgongo udai. Akawa ananunua vidonge duka la dawa baridi pale kijijini, anafungiwa kwenye kikaratasi vya rangi tatu tofauti, asubuhi kimoja kimoja na jioni kimoja kimoja, ni dawa gani haambiwi na yeye haulizi. Anavimeza alfajiri na chai ya rangi, hajatia kitu tumboni, huyo shambani. Na siku mgongo ukizidi anaongezea asprini. Wiki tatu hizo.

Choo kikabadilika. Sasa hapo ndio utaona tabu ya ugonjwa huu. Choo chetu ni cha shimo, usiku unaingia na tochi ya simu umeielekeza chini usikanyage nyoka, nani wa kuchungulia shimoni? Aliona siku yupo shambani, cheusi kama lami ya barabara na kinanata na harufu yake sio ya kawaida, akasema moyoni labda kile kisamvu. Siku nne amekaa nacho hajamwambia mtu, hata mkewe.

Usiku wa Ijumaa shangazi, huyo mkewe mjomba, ananipigia anasema njoo mjomba wako anatapika. Nimefika kashikiwa beseni. Humo ndani ni kitu kama yale machicha yanayobaki chini ya kikombe pale kijiweni ukishamaliza kahawa, na mimi kwa ujinga wangu nikauliza jamani kanywa kahawa usiku huu? Hajanywa kahawa. Ile ni damu iliyokaa tumboni ikaiva na asidi ndio inakuwa vile, nimekuja kuelezwa baadae.

Zahanati yetu ina nesi mmoja, binti mdogo tu. Tumemgongea akatoka na khanga kaifunga juu ya gauni, akapima presha 90 kwa 50, mapigo sikumbuki ila alivyoshika mkono nilimuona uso umebadilika. Kamtundikia dripu saa ileile, kaandika karatasi, kaniambia kaka huyu anahitaji penye kipimo cha kamera ya tumbo, ile ya mrija inayopitishwa mdomoni, usimpe kitu mdomoni hata maji, nenda. Hajaomba hela wala kadi. Yule binti namshukuru mpaka leo, dripu ileile ndio iliyotufikisha.

Basi tumeondoka. Nyuma kalala mjomba kichwa kwenye mapaja ya shangazi, mtoto wake kashika chupa ya dripu juu anapokezana mikono. Tukafika Mnazi Mmoja njia panda. Wasiojua niwaeleze, ukitoka upande wa Masasi ukafika pale, kushoto ni Lindi, kulia ni Mtwara. Nimesimama. Usiku wa manane hamna mtu isipokuwa mbwa, maduka yote yamefungwa, na mimi sijui nikate wapi. Kushoto ni karibu. Kulia ni mbali ila huko Mtwara kuna hospitali ya mkoa na siku hizi kuna hiyo kubwa ya rufaa ya kanda ya kusini. Sasa yupi kati yao usiku huu wa Ijumaa kuamkia Jumamosi ana mtu wa kushika hiyo kamera? Nani wa kuniambia? Shangazi huku nyuma ananiambia mwanangu mbona umesimama.

Sitasema nilikata upande gani. Nikisema tu kushoto au kulia wote mshajua ni hospitali gani na mimi sijaja kumchomea mtu, na walionisaidia wapo hukohuko pia.

Tumefika saa tisa. Mapokezi kuna kijana mmoja na kompyuta, anataka jina, umri, kijiji, bima gani, hana bima, basi subiri nikutolee kontroo namba ulipie faili, mtandao unazunguka. Namwambia bosi huyu anatapika damu, ananiambia naelewa ila bila faili daktari hawezi kumuona. Na mjomba mwenyewe anaharibu, mtu wa heshima zake, anakaa wima pale kwenye benchi anavuta shati limkae vizuri, ukimuona utasema kaja kumtazama mgonjwa. Karatasi ya yule nesi wa zahanati iko mkononi kwangu na presha yake imeandikwa pale juu, hamna aliyeisoma. Dakika arobaini na tano kwa saa ya kwenye dashibodi, maana nilitoka mara mbili kuitazama gari.

Daktari wa zamu kijana pia, kachoka, macho mekundu, naamini alikuwa peke yake kwa wodi zote. Kamuuliza mzee tumbo linauma? Mjomba kasema haliumi sana. Umetapika mara ngapi? Mara mbili. Kaandika vidonda vya tumbo, kaandika omeprazo na ile dawa nyeupe ya maji, akasema akapumzike wodini tutaangalia asubuhi.

Aliyemuokoa ni sista wa wodini. Mama wa makamo, kaja na tochi ndogo, kamvuta kope la chini kaangalia, kabonyeza ukucha kauachia akatazama damu inarudije, halafu kauliza, baba choo chako kikoje? Mjomba kanitazama mimi. Kasema cha kawaida. Sasa Mhariri fikiria, mjomba wa Kimwera aseme habari za choo chake mbele ya mpwa wake aliyemlea! Hawezi, angekufa nalo. Yule sista kaelewa pale pale, kanigeukia kaniambia kaka nenda kaninunulie maji hapo nje. Nimetoka. Nimerudi na chupa ya maji nakuta tayari watu wawili wako juu ya mjomba, kamtia kanyula ya pili mkono mwingine ile kubwa, dripu mbili zinakimbia, damu imeshachotwa imeenda maabara kupima grupu na wingi, na daktari kaitwa tena na safari hii anakimbia. Wingi wa damu ukarudi 5.8. Mwanaume inatakiwa 13 na kuendelea.

Swali moja tu. Swali la choo. Halihitaji mtandao, halihitaji mashine wala umeme.

Hapo katikati daktari akaniandikia sindano ya kukatisha damu nikanunue nje, hii wanayoiita traneksamiki, nimezunguka na pikipiki saa kumi usiku kugonga maduka mpaka nikaipata. Sasa mtoto wa dada yangu anasomea uganga wa hospitali kule Mtwara, mwaka wa mwisho, nilipomsimulia kaniambia anko hiyo dawa kwa mama aliyejifungua anavuja damu inaokoa, kwa mtu wa ajali inaokoa ikiwahi ndani ya masaa matatu, lakini kwa damu ya tumboni walifanya utafiti mkubwa ukatoka mwaka 2020, wagonjwa zaidi ya 12,000 kwenye nchi 15, Nigeria ikiwemo, wakakuta haikupunguza vifo na ile ya kuganda damu kwenye mishipa ikaongezeka. Simlaumu daktari, usiku ule unashika chochote kilicho karibu. Ila nilimuacha mgonjwa nikazunguka saa zima kutafuta kitu ambacho pengine hakikuwa na kazi.

Na mimi pia nina kosa langu nalisema. Friji la damu lilikuwa na chupa moja tu ya grupu lake. Wakatundika hiyo, asubuhi mimi na binamu yangu tukachangia, ikaenda kupimwa ukimwi na homa ya ini na kaswende, mchana wakamtundika ya pili. Wingi ukapanda ukafika 7 na pointi. Mimi nikaanza kelele, kwanini hamuongezi, mtu anatakiwa awe na 13 nyie mmemwachia 7, si mnataka afe! Nimewatolea maneno mabaya mbele za watu. Kumbe walikuwa sahihi. Mpwa wangu kanieleza kuna utafiti wa Barcelona wa mwaka 2013, waliosubiriwa mpaka damu ishuke chini ya 7 ndio waongezewe walipona zaidi kuliko walioongezewa mapema, na hasa mwenye ini bovu ukimjaza damu presha ya kwenye mishipa ya koo la chakula inapanda inapasuka tena. Kwahiyo wale madaktari niliowatukana Jumamosi nawaomba radhi hapa gazetini, mnajijua.

Lakini sasa Mhariri, kamera. Kamera ipo! Tuliambiwa ipo, nzima, inafanya kazi. Anayeishika ni mmoja, anakuja Jumatatu. Na mjomba kafika Jumamosi saa tisa usiku. Alikuja kuangaliwa Jumatatu saa nane mchana, wakakuta kidonda kinapoanzia utumbo mdogo, wakakichoma sindano na kukifunga. Nimehesabu, masaa 59. Masaa yote hayo tunamuangalia beseni, kila akikohoa moyo unaruka.

Na kitanda cha pili alilazwa kijana, sidhani kama kafika arobaini, yeye alikuja Jumamosi jioni anatapika damu mbichi, nyekundu, sio machicha. Tumbo limejaa maji miguu imevimba. Mkewe anasema alipimwa homa ya ini miaka ya nyuma akaambiwa anayo akapuuza, na pombe ya uraka alikuwa anapenda msimu wa mabibo na ukiisha uraka ni gongo. Huyo mishipa ya koo la chakula imevimba kama kamba kwa sababu ini limeziba njia, ikipasuka ni bomba. Kwa hao kamera inaingia na vipira vidogo wanaifunga mishipa moja moja, na kabla ya hapo kuna dawa za kushusha ile presha na antibayotiki mapema. Jumapili alfajiri kafariki. Sisemi kamera ingemponya, ajuaye ni Mungu. Nasema mkewe aliambiwa Jumatatu, na Jumatatu yeye alikuwa kaburini. (Chanjo ya homa ya ini watoto wetu wanapata tangu mwaka 2002, sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi hatujachanjwa, nendeni mkapime.)

Nilimuuliza mpwa wangu, je nadai makubwa? Labda huko Ulaya tu ndio wanaangalia usiku. Kanicheka. Kanitumia kwenye WhatsApp maelezo ya Uingereza, ripoti yao ilitoka mwaka 2015, walichukua mafaili ya wagonjwa waliotoka damu nyingi tumboni wakayapitia moja moja, wakakuta waliohudumiwa vizuri hawafiki hata nusu. Uingereza hiyo! Na shida zao zilikuwa hizihizi, dalili kuchelewa kujulikana, mgonjwa kukaa pasipo mtaalamu, huduma kutokuwepo usiku na wikiendi. Wao wakapendekeza mgonjwa wa namna hii alazwe tu kwenye hospitali ambayo masaa 24 ina endoskopi, ndio hiyo kamera, ina upasuaji na ina ICU, wodi ya mahututi, kama huna usimlaze kwako. Kilichonifurahisha sio kwamba na wao wameshindwa, ni kwamba walihesabu wakaandika wakatoa hadharani. Sisi hapa kusini ukiniuliza mwaka jana wangapi walitapika damu, wangapi walipona, wangapi walikaa zaidi ya siku bila kuangaliwa, pa kuyasoma sipajui.

Na wala hakuna anayesema daktari aamshwe saa tisa usiku kila mara. Kuna utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2020 waliowahisha kamera ndani ya masaa sita hawakupona zaidi ya wale walioangaliwa kati ya masaa sita na 24, cha kwanza ni kumsimamisha mgonjwa na dripu na damu, halafu kamera ndani ya siku moja. Siku moja! Kuna na hesabu ya maksi wanayofundishwa vyuoni, presha, mapigo, wingi wa damu, kipimo cha yurea, choo cheusi, kuzimia, ana ini au moyo mbovu, unajumlisha, mwenye sifuri au moja anaweza kurudi nyumbani na dawa, mwenye nyingi haachwi kwenye benchi. Mjomba kwa presha na choo peke yake angekuwa na maksi za kumrusha mstari mzima wa watu pale mapokezi.

Sasa ninachotaka kusema hasa ni hiki. Mimi niko kwenye orodha ya madereva wa m-mama. Mama mjamzito akizidiwa kijijini inapigwa 115, bure, kuna mtu amekaa anapokea, ananipigia mimi au anatuma ambulansi, na ananiambia mpeleke sehemu fulani, huko wameshaambiwa mnakuja. Nikifika pale Mnazi Mmoja na mama mjamzito sijawahi kusimama, najua naelekea wapi kabla sijawasha gari. Nikifika hospitali kitanda kiko mlangoni, hamna cha faili kwanza. Na nalipwa mafuta yangu. Inafanya kazi, nimeiona kwa macho yangu, mara ngapi sijui.

Kwanini anayetapika damu asiwe hivyohivyo? Simu ni ileile, dereva ni yuleyule, barabara ni ileile.

Na kuhusu wataalamu wachache, sawa, ni wachache, hatuwezi kuwazaa kesho. Lakini hospitali zetu za Lindi na Mtwara, ukijumlisha na za misheni, hazina haja kila moja kuwa na mtu wa kamera kila wikiendi. Zikae pamoja zipangane zamu. Wikiendi hii wa Lindi yupo wa Mtwara kapumzika, wikiendi ijayo kinyume chake. Lindi na Mtwara ni kama kilometa mia na kidogo tu, kwa ambulansi yenye dripu na mtu wa kuisimamia hiyo safari inavumilika. Haivumiliki safari ya Dar, zaidi ya kilometa 500 kutoka Mtwara, na mwaka 2024 mwezi wa tano tuliona wenyewe mvua za kimbunga Hidaya zilivyokata barabara kule Somanga, magari yamepanga foleni siku na siku, ukiwa na mgonjwa wa kutapika damu siku hiyo Muhimbili ungeiota. Zamu ikishapangwa ibandikwe kila zahanati na kila kituo cha afya, wale manesi wenye khanga juu ya gauni waione, wajue Jumamosi hii waandike rufaa ya wapi. Karatasi moja na selotepu.

Na la pili dogo, mapokezi. Anayesema katapika damu au choo cheusi au kazimia chooni apelekwe dharura kwanza faili lifuate. Tunaambiwa kwenye dharura hela haitangulii, ila yule kijana wa kompyuta haoni dharura mpaka aone damu sakafuni. Sio kosa lake, hajafundishwa. Afundishwe maneno matatu tu hayo na mlinzi naye afundishwe.

Maduka ya dawa nayo sitaki kuyasahau maana ndiko mambo yalikoanzia, ila sitakaa sana hapo. Msimu wa kupulizia na msimu wa kuokota vijiji vyote vinakula vidonge vya mgongo. Diklofenaki na ibuprofeni na asprini zote zinachubua tumbo, mbili kwa pamoja ndio balaa, na mzee zaidi. Muuza dawa amwambie tu mtu jina la dawa na ale kwanza, na amuulize kama ana vidonda. Watu wetu bado wanaamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Kuna na bakteria, wale Waaustralia wawili Marshall na Warren walipewa Nobel mwaka 2005 kwa hilo, mmoja wao alikunywa hao bakteria mwenyewe kuthibitisha. Mjomba alipopimwa choo chake akakutwa nao, akapewa antibayotiki mbili na omeprazo wiki mbili kavimaliza vyote, nilikuwa nahesabu kikaratasi mwenyewe.

Mjomba yupo. Mwaka huu hajapulizia, kapuliziwa na vijana kwa hela, analalamika wanamaliza salfa bure. Mgongo anasugua mafuta ya nazi na parasetamo siku ukizidi.

Yule sista alinipa namba yake ya simu, kaniambia kaka ukiwa na mgonjwa wa namna hii nipigie kabla hujafika. Tangu wakati ule nimebeba watatu wengine. Wa kwanza nilimpigia nikiwa Mnazi Mmoja akaniambia njoo, mtu wa kamera yupo. Wa pili akaniambia usije huku hayupo, kata upande wa pili, na akawapigia wenzie huko wakatusubiri. Wa tatu ilikuwa mwezi uliopita usiku wa Jumapili, mama mmoja wa makamo anatapika, simu ya sista haipatikani, labda yuko likizo au chaji imeisha, ni namba ya mtu binafsi sio ya ofisi. Nilisimama pale njia panda injini inanguruma, napiga tena, napiga tena, kama dakika kumi hivi.

Dereva wa Noah,
Barabara ya Masasi, Lindi.